Kamera Iliyokataliwa Izigo

Siku ile Mzee Kaijage aliposhuka kwenye bodaboda pale Izigo, begi la kamera likiwa kifuani kama mtoto mchanga, kijiji kizima kilishikwa na haraka. Mama mmoja aliyekuwa akianika kahawa alikumbuka ghafla kwamba ameacha chungu motoni. Wazee wawili waliokuwa wakicheza bao waliondoka mchezo ukiwa katikati, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu bao liingie Izigo. Hata mbuzi wa Mujuni, na hapa anayetaka kuamini aamini, aligeuka akaonyesha mkia.

Mujuni mwenyewe, mwenye kiduka cha sabuni na chumvi pale njiani, hakukimbia. Alijifunika uso kwa gazeti, akasema kutoka nyuma yake:

"Karibu, mzee wetu. Leo umekuja kumchukua nani?"

"Nimekuja kumsalimia dada yangu."

"Ee waitu! Maskini Ma Ephrasia. Tulimpenda sana."

Kaijage hakujibu, akapandisha njia ya kibanjani, kwenye migomba ya dada yake. Kwa kawaida ni mtu asiyekosa jibu. Huyu ndiye aliyesoma mita za maji kule mjini Kashai, anakoishi, kwa miaka thelathini na moja, akiingia nyua za watu bila kubisha hodi, na aliyerudi ofisini siku moja akaapa kwamba amefungua bomba la mama fulani akatoka sato mzima, tena akimwangalia kwa dharau. Ndiye pia ambaye kofia yake ilipeperushwa na upepo wa ziwa ikaenda Uganda, ikarudi baada ya wiki mbili ikiwa imefuliwa. Lakini siku hiyo maneno yalimkauka, kwa sababu Mujuni hakuwa anatania tu. Kijiji kizima kiliamini hivyo.

Mambo yalianza hivi. Kaijage alipostaafu, binti yake Joanitha, muuguzi huko Mwanza, alimletea kamera iliyokwisha kutumika, akidhani baba atatulia nyumbani. Hakutulia. Miezi mitatu ya kwanza alipiga kidole chake mwenyewe, maana kila picha ilikuwa na kidole gumba kwenye kona. Halafu siku moja kidole kikatoka, na picha zikaingia. Alimpiga mke wake Anatolia akimenya ndizi huku akibishana na redio. Alimpiga fundi cherehani aliyelala juu ya gauni la bibi harusi la watu. Alipiga vijana wa bodaboda wakiosha pikipiki zao kwa maji ya mvua, na akina mama wa Kashai wakigombania zamu bombani, ndoo hewani, midomo wazi. Akazisafisha pale mjini, akawagawia wenyewe. Vinyozi walizibandika kwenye vioo. Watu wakawa wakimwona wanaita: "Mzee, huku! Niko hivi hivi, usiniambie nikavae!"

Kosa lake ni kwamba Izigo aliiheshimu mno.

Izigo ni kwao. Alifikiri wazee wa kwao hawastahili kupigwa ovyo kama watu wa Kashai. Akaazima kiti cha mikono cha dada yake. Akachukua shuka jeupe la Anatolia, akalitundika ukutani. Mzee anavaa koti, anakaa, mikono juu ya magoti. "Usicheke, mzee, tafadhali." Halafu, cha!

Wa kwanza alikuwa Mzee Buberwa, miaka tisini na saba. Siku ya tisa akafariki. Familia haikuwa na picha nyingine yoyote, wakaikuza hiyo, wakaiwekea fremu na utepe, ikatangulia mbele ya jeneza, na watu wote wakasifu. Wa pili, Mzee Kyaruzi, alikuwa akiumwa tangu barabara ikiwa ya vumbi. Mwezi haukuisha. Picha ikatangulia. Wa tatu alikuwa Mzee Josia, ambaye bado alikuwa akipanda mwenyewe kilima cha kanisani. Miezi miwili. Na hapo makaburini, katikati ya wimbo, mwanamke mmoja akanyoosha kidole kwenye fremu, kwenye kona ya chini ambako Anatolia aliwahi kumwagia kahawa na doa likagoma kutoka, akapiga kelele:

"Shuka lile lile!"

Wimbo ukakatika. Wawili Wakatoliki na mmoja Mluteri, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba kamera ile ina upendeleo.

Kaijage angeweza kuicheka habari hiyo, akaongeza na chumvi yake, kama asingekuwa na jambo moja. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka mitatu. Hakuachiwa hata kipande cha picha. Aliyemlea ni Ephrasia, dada aliyemzidi miaka kumi na tisa, na maisha yake yote Kaijage amesikia wazee wakisema: ukitaka kumwona mama yako mtazame dada yako, paji lile, pengo lile, hata kule kucheka kwa kufumba jicho moja. Wa mwisho kati ya waliosema hivyo kwa kuwa walimwona mama kwa macho yao alikuwa Josia. Sasa Ephrasia ana miaka themanini na sita, hajawahi kupigwa picha hata ya kitambulisho, maana siku ya kuandikishwa alisema ana migomba ya kupogoa. Akiondoka hivi hivi, Kaijage atapoteza sura mbili kwa mpigo. Hilo ndilo lililompandisha njia ile huku watu wakimfungia milango.

Alimkuta nyuma ya nyumba, ameinamia migomba, akikata majani makavu.

"Umekula?" Ephrasia aliuliza bila kuinuka.

"Nimekula, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Muongo. Yako matoke jikoni."

Alikula matoke, akasifia, akasimulia habari za Joanitha, akasimulia za mvua. Halafu akajikohoza.

"Dada, nilikuwa nawaza. Picha moja tu."

"Shuka umelibeba?"

Kaijage akalisogeza begi nyuma ya miguu. Shuka lilikuwa ndani ya begi.

"Nimekuuliza, shuka umelibeba?"

"Limefuliwa, dada."

"Limefuliwa! Buberwa akisikia atafurahi." Ephrasia akaketi juu ya gogo, akafuta kisu kwenye kanga. "Sikiliza, mtoto wewe. Mimi sikatai picha. Nakataa zamu. Ulipompiga Josia nilijua sasa unakuja kwangu, kama mtu anayepita na ndoo akikusanya."

"Dada, Buberwa alikuwa na miaka tisini na saba! Hata nisingempiga..."

"Wewe mwenyewe umeshapigwa na hilo dude?"

"Mimi?"

"Wewe. Kwenye kiti. Na shuka."

"Mimi sura yangu ina matatizo na lenzi, dada. Kuna mzungu mmoja alinijaribu pale bandarini, kioo kikapasuka, ikabidi warudi kwao..."

"Hadithi zako nazijua tangu ulipokuwa ukikojoa kitandani ukasema paa linavuja. Kalete kiti."

Alileta kiti. Alitundika shuka mwenyewe, misumari midomoni. Akamwonyesha dada yake mahali pa kubonyeza. Akakaa. Na pale alipokaa, mgongo kwenye shuka, mikono juu ya magoti, akahisi kitu kama maji baridi kikimshuka kiunoni. Miaka yote alikuwa upande wa pili. Hakujua kumbe huku kuna upweke namna hii.

"Usicheke, mzee, tafadhali," Ephrasia akasema kwa sauti ya mdogo wake kabisa, akafumba jicho moja, siyo lile linalotakiwa, akabonyeza.

Kisha akamrudishia kamera kwa ncha za vidole.

"Huu ni mwezi wa tisa. Senene wakianguka wakakukuta bado unapumua, njoo. Nitakaa, nitavaa na koti, sitasema neno. Wasipokukuta, nitakuja Kashai kukuzika, na mimi nitabaki bila picha. Tumeelewana?"

Wakaelewana.

Miezi miwili si mirefu kwa mtu ambaye hakukalia kile kiti. Kaijage aliyeogelea na mamba, kwa maneno yake mwenyewe, sasa alikuwa akitafuna uji. Aliacha kupanda bodaboda, akatembea kwa miguu, tena pembeni kabisa. Kanisani alikaa mbali na nguzo. Mafua yalipomshika aliita watu watatu kushuhudia kwamba ni mafua tu. Kamera ilikaa ndani ya begi, begi likakaa juu ya kabati, na Kashai ikaanza kuulizana kama mzee amegombana na mkewe.

"Unaumwa wapi?" Anatolia akamuuliza.

"Siumwi."

"Basi shuka kitandani. Ni saa nne asubuhi."

Ilibidi aseme. Anatolia alisikiliza yote, akiwa ameshika kisu na ndizi iliyomenywa nusu, halafu akacheka mpaka akaegemea mlango.

"Na hiyo picha yenyewe umeiona?"

"Sijathubutu."

"Vaa viatu."

Walikwenda pamoja mjini, kwenye kibanda anakosafishia picha zake. Yule binti wa siku zote hakuwepo, alikuwepo mgeni, mpole, mwenye kucha ndefu. Akachukua kadi ya kamera, akachapa, akaitazama picha ilipokuwa ikitoka. Uso ukamlegea. Akaiweka ndani ya bahasha kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu rambirambi.

"Poleni sana," akamwambia Kaijage. "Mmefanana mno. Marehemu alikuwa kaka yako?"

Anatolia alitoka nje akaenda kucheka kwenye ukuta wa jirani. Kaijage alibaki pale kaunta, ameishika picha yake. Ni kweli, alikuwa amekufa. Macho yako wazi, koti limefungwa, lakini mtu hakuwemo. Kwenye kona ya chini lile doa la kahawa limekaa kama muhuri. Akawakumbuka Buberwa, Kyaruzi na Josia, na safari hii hakuwakumbuka kwenye picha. Buberwa alikuwa akiongea na ng'ombe wake kwa Kilatini cha misa. Josia aliweza kupiga mluzi kwa pua. Yeye amewafunga makoti akawaambia wasicheke.

Ndipo akaona kitu kingine. Kuanzia miguuni pake kupanda juu ya magoti, jua likiwa nyuma ya mpigaji, kulikuwa na kivuli. Kitambaa cha kichwa. Viwiko viwili vimetanuka kama mtu anayebeba beseni. Ephrasia. Hakukaa kwenye kiti, hakuvaa koti, hakuagizwa lolote, na katika picha nzima ile yeye ndiye pekee aliyekuwa hai.

Njiani kurudi, Anatolia akafuta machozi kwa kanga.

"Mimi umenipiga mara ngapi?"

"Mia tatu na kitu."

"Na kiti hujanipa hata siku moja. Nilikuwa nakulalamikia rohoni, kumbe!"

Jioni ile shuka likakatwa, likawa pazia la jikoni. Kesho yake Kaijage akashusha begi juu ya kabati. Roho haikuwa imetulia moja kwa moja, uji aliendelea kuutafuna, lakini aliutafuna akiwa nje.

Senene, panzi watamu wa huko, walianguka mwezi wa kumi na moja, kama kawaida, baada ya mvua ya siku mbili. Huko Izigo, ukimsikiliza Kaijage leo, walianguka wengi kiasi kwamba jogoo aliwika mara moja tu, akashiba kabla ya kuwika mara ya pili. Simu ikaja asubuhi, na saa tatu mzee alikuwa akishuka kwenye bodaboda.

Gazeti la Mujuni likaanguka chini.

"Uko hai!"

"Nasikia hivyo."

"Hata kikohozi?"

"Mafua. Nina mashahidi."

Wacheza bao walisimama, mama wa kahawa akatoka na mwiko mkononi, wakamfuata kwa mbali, wakijificha nyuma ya migomba, migomba ikijaa macho.

Alipozunguka nyumba, alisimama. Kiti cha mikono kilikuwa pale, tayari. Shuka lilikuwa limetundikwa, jipya, la maua. Na Ephrasia alikuwa amekaa, amevaa koti la marehemu mumewe juu ya gauni la kanisani, mikono juu ya magoti. Ni mwanamke anayetimiza alichosema. Lakini midomo ilikuwa ikitembea taratibu, na Kaijage akajua anasali.

"Piga upesi," akasema bila kumtazama. "Nina kazi."

Pembeni yake ndoo ilijaa senene, hawajaguswa. Kaijage akamwangalia dada yake. Picha aliyoitamani miaka yote ilikuwa pale mbele yake, bila ubishi, kwa kubonyeza mara moja.

Akashusha begi. Akaenda ukutani, akalitundua shuka la maua, akalikunja. Halafu akakaa chini kwenye nyasi, akaivuta ndoo, akaanza kunyonyoa senene.

"Unafanya nini?"

"Hawa watajinyonyoa wenyewe?"

Aliwanyonyoa vibaya kuliko mtu yeyote aliyezaliwa wilaya nzima ya Muleba. Alitoa mbawa akaacha miguu, alitoa kichwa akaacha mbawa, mmoja akamponyoka akamrukia kifuani. Hakuna aliyejua kama alikuwa akifanya makusudi, na yeye mpaka leo anatoa majibu mawili tofauti. Ephrasia alivumilia senene wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa mnene, wa kijani, na Kaijage alimminya utumbo ukatoka.

"Mawe, mama wee! Unaharibu!" Koti likaruka upande. Dada mtu alikuwa ameshuka kwenye kiti, amekaa kwenye nyasi, amempokonya ndoo. "Hivi nani alikulea wewe?"

"Mwanamke mmoja mkali."

"Hivi. Mbawa, miguu, huku. Vidole viwili. Mbona hushiki?"

Mikono yake ilikwenda kama mashine, mbawa zikimzunguka na kupepea kila alipopumua. Akawasha moto kwenye mafiga ya nje, akaweka kikaangio, bila mafuta, maana senene anayo yake, akatia chumvi. Harufu ikawatoa watu nyuma ya migomba hatua mbili mbele.

"Unajua wakati wangu sisi wanawake tulikuwa tukinyonyoa tu," Ephrasia akasema akikoroga. "Kula ni kwa wanaume. Kwetu ilikuwa mwiko. Baba alikuwa akihesabu vikapu. Lakini mama..." Akatazama huku na huku kana kwamba baba yao, aliyekufa miaka hamsini iliyopita, yuko nyuma ya mlango. "Mama alikuwa akiniita jikoni nishike taa. Nikifika, ananitia wawili hapa, ndani ya shavu. Ananiambia, nenda nje ukatafune huku unaimba. Basi mimi nikawa msichana wa kuimba sana kijiji hiki! Padre akanipeleka kwaya!"

Akachota senene wa moto kwa vidole, akawatupa mdomoni, akawaficha shavuni kama alivyofundishwa, na hapo kicheko kikamkamata. Jicho moja likafumba. Pengo likaonekana, na mguu wa senene ukiwa umenasa pembeni mwa mdomo.

Cha!

Hakusema usicheke. Vichwa vikatokeza kati ya migomba. Ephrasia alitafuna, akameza, akajipapasa kifuani, akangoja kidogo.

"Umepiga?"

"Nimepiga."

"Mbona sijasikia baridi?"

"Hukukaa kwenye kiti."

Akajifuta mikono, akanyoosha. "Hebu."

Kaijage akaigeuza kamera, akamkingia jua kwa kofia ile iliyokwenda Uganda. Ephrasia akasogeza uso kwenye kioo kidogo cha kamera, akaurudisha nyuma, akausogeza tena. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka senene wakaanza kuungua na mama wa kahawa akaja kuwageuza kwa mwiko wake.

"Kaijage," akasema mwishowe, taratibu, "mama umempata wapi?"

Mzee wa miaka sitini na saba, mwenye jibu kwa kila bomba la Kashai, safari hii akapiga magoti tu kwenye nyasi. Akachungulia naye kwenye kioo, kichwa chake kikagusana na cha dada yake. Alikuwa amemsubiri mtu huyo miaka sitini na minne. Kumbe mama alikuwa na jicho la utani.

"Siku yangu ikifika," Ephrasia akasema, "mtabeba hiyo. Na Padre akiuliza nina nini shavuni, mwambieni ukweli."

"Na siku yenyewe ni lini?" Mujuni akauliza. Alikuwa ameshafika karibu na kikaangio bila gazeti lolote.

"Wewe ukishaondoka ndiyo nitaanza kufikiria."

Watu wakacheka. Mujuni akachukua senene mmoja, akapuliza, akatafuna, akasogea kwa Kaijage kama mtu anayetaka kuomba jambo la aibu. "Mzee, mimi naweza nikapigwa nikiwa napima chumvi? Nisimame tu hivi, kama simjui mpigaji?"

"Kesho asubuhi. Na mbuzi wako awepo."

"Na sisi kwenye bao," mmoja wa wale wazee akasema. "Lakini kile kiti kipasuliwe kuni kwanza."

"Kiti changu hakipasuliwi," Ephrasia akakata. "Nitakikalia mwenyewe, kwa hasira. Nyie mnaotaka senene, kaeni chini, ndoo bado imejaa. Kaijage, hilo dude weka kando."

Akaliweka kando, juu ya koti. Akakaa mahali alipoonyeshwa, bega kwa bega na dada yake, akachukua senene, vidole viwili, mbawa, miguu.

"Kichwa umekiacha," Ephrasia akasema.